Kanieneo Mbele ya Mizani: Uhakiki wa Istilahi ya Kiswahili kwa Ushahidi wa Jaribio la Jeti ya Maji

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi kanieneo kwa kuipima dhidi ya jaribio moja la maabara, yaani upimaji wa kani ya jeti ya maji inayopiga uso. Hoja kuu ni kwamba uwazi wa istilahi hiyo, ambao ndio sifa yake kubwa, humwelekeza msomaji kwenye hesabu inayotoa nusu tu ya kani inayosomwa kwenye mizani. Kasoro hiyo haitokani na udhaifu wa Kiswahili katika kubeba maarifa ya sayansi. Inatokana na muundo wa nomino ambatani, ambao huficha uhusiano wa dhana mbili zilizounganishwa. Makala yanapendekeza istilahi ibaki, lakini fasili yake irekebishwe na ifundishwe sambamba na dhana ya momenta.

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa istilahi za Kiswahili, uwazi ni kigezo chenye heshima. Istilahi huhesabiwa kuwa wazi iwapo sehemu zake zinamwezesha msomaji kukisia maana kabla ya kufungua kamusi. Kwa kigezo hicho, kanieneo ni mfano mzuri. Neno limeundwa kwa kani, ambayo katika fizikia ni kile kinachosukuma au kuvuta, na eneo, ambalo ni ukubwa wa uso. Anayeyajua maneno hayo mawili amekaribia fasili: kani iliyogawanywa kwa eneo inapoangukia.

Hata hivyo, kukisia maana ni jambo moja na kuitumia maana hiyo katika hesabu ni jambo jingine. Katika modeli ya mwanaistilahi wa Uganda, K. B. Kiingi, inayofahamika kwa kifupi cha PEGITOSCA, usahihi na uwazi vimewekwa kuwa vigezo viwili tofauti. Utengano huo una maana kubwa kuliko unavyopewa katika tasnifu nyingi, ambamo istilahi iliyo wazi hupokewa kana kwamba imekwisha kuthibitishwa kuwa sahihi. Istilahi inaweza kuwa wazi na bado ikampeleka msomaji mahali pasipo sahihi, tena kwa urahisi zaidi kuliko istilahi ngumu, kwa kuwa anayedhani ameelewa haulizi.

Jeti ya maji inafaa kuwa kipimo cha hoja hii. Kwa jeti hapa inakusudiwa mkondo mwembamba wa maji unaotoka kwa kasi katika mdomo wa bomba na kusafiri hewani bila kutawanyika. Jeti hiyo inapopiga bamba, kani yake inaweza kukokotolewa kwa njia zaidi ya moja, na njia hizo hazitoi jibu moja. Mizani ndiyo inayoamua.

2.0 Muundo wa Istilahi na Ahadi Yake

Nomino ambatani za Kiswahili zilizoundwa kwa nomino mbili kwa kawaida huwa na kichwa upande wa kushoto. Batamaji ni bata. Askarikanzu ni askari. Mbwamwitu, kwa jinsi jina lilivyoundwa, huchukuliwa kuwa aina ya mbwa. Nomino ya pili hufafanua ya kwanza, na mzungumzaji hujaza mwenyewe uhusiano uliopo kati yake: bata wa majini, askari avaaye kanzu, mbwa wa mwituni. Uhusiano haumo ndani ya umbo la neno. Umo katika ujuzi wa mzungumzaji kuhusu ulimwengu.

Kwa mantiki hiyo ya lugha, kanieneo ingekuwa aina ya kani. Katika fizikia sivyo. Kani hupimwa kwa niutoni, kanieneo hupimwa kwa paskali, na paskali 1 ni niutoni 1 kwa kila mita ya mraba. Kani ina mwelekeo: mtu husukuma mlango kuelekea ndani au nje. Kanieneo ya maji yaliyotulia, katika nukta moja, ni ileile pande zote, haina juu wala chini. Kwa hiyo istilahi imeweka upande wa kichwa dhana ambayo kinachotajwa si aina yake.

Kuna la pili. Uhusiano kati ya kani na eneo katika dhana hii ni wa kugawanya. Kiswahili kina njia iliyo bayana ya kuonyesha mgawanyo, nayo ni maneno “kwa kila”, lakini nomino ambatani haina nafasi ya maneno hayo. Msomaji asiyejua uhusiano huo huujaza mwenyewe, na ujazo ulio karibu zaidi ni wa kumiliki: kani ya eneo. Kutoka hapo, hatua ya kusema kwamba kani hupatikana kila mara kwa kuchukua kanieneo na kuizidisha kwa eneo lililo mbele ya macho ni fupi mno. Hatua hiyo ni sahihi kwa maji yaliyosimama juu ya sakafu ya tangi. Swali ni iwapo inabaki sahihi maji yanapoanza kwenda.

3.0 Jaribio na Kinachopimwa

Chombo kinachotumika kwa kawaida katika maabara za vyuo vya uhandisi ni rahisi. Nozeli iliyosimama wima hurusha maji kwenda juu. Juu yake kuna bamba lililofungwa kwenye wenzo, milimita 150 kutoka kwenye egemeo. Juu ya wenzo kuna jiwe la mizani la kilogramu 0.6 linaloweza kutelezeshwa. Kabla ya maji kufunguliwa, jiwe huwekwa kwenye alama ya sifuri na springi hurekebishwa hadi wenzo ukae mlalo. Maji yanapopiga bamba, wenzo huinuka. Mpimaji husogeza jiwe mbali na egemeo hadi wenzo urudi mlalo, kisha husoma umbali uliosogezwa.

Hesabu ya wenzo huo haina utata. Kani ya jeti ikizidishwa kwa milimita 150 ni sawa na uzito wa jiwe ukizidishwa kwa umbali uliosogezwa. Kwa jiwe la kilogramu 0.6, kila milimita 1 inawakilisha kani ya takriban niutoni 0.039. Ubora wa chombo uko hapa: hakihitaji nadharia yoyote kuhusu maji. Hakijui tangi lina kimo gani, wala kanieneo ni kiasi gani. Kinapima kani kwa kuilinganisha na uzito, kama mizani ya sokoni inavyopima mchele.

Upande wa pili wa jaribio ndio wenye nadharia. Maji yanayotoka hukusanywa kwenye chombo, hupimwa uzito na muda wake huchukuliwa kwa saa, ili kujua ni kilogramu ngapi zinazopita kila sekunde. Kasi hupatikana kwa kugawanya ujazo unaopita kila sekunde kwa eneo la jeti. Hapo ndipo makosa ya upimaji huingia kwa wingi. Kipenyo cha nozeli ya milimita 10 kikikosewa kwa milimita 0.2, kipenyo kimekosewa kwa asilimia 2, eneo kwa takriban asilimia 4, na kani iliyokokotolewa kwa kiasi hichohicho. Kiwango cha mtiririko kikikosewa kwa asilimia 1, kani hukosewa kwa asilimia 2, kwa kuwa mtiririko huingia katika hesabu mara mbili. Aidha, maji hupoteza kasi kidogo yanapopanda kutoka kwenye nozeli hadi kwenye bamba. Makosa hayo yanafaa kukumbukwa, kwa sababu yanaweka mpaka wa ubishi: tofauti ya asilimia chache haiwezi kuhukumu istilahi, lakini tofauti ya mara mbili inaweza.

4.0 Nusu ya Jibu

Ichukuliwe mfano wa tangi lenye maji ya kimo cha mita 2 juu ya nozeli laini inayotoa jeti ya kipenyo cha milimita 10, msuguano ukipuuzwa. Kanieneo kwenye kimo hicho ni paskali 19,620. Eneo la jeti ni milimita za mraba 78.5. Msomaji anayeifuata istilahi huzidisha kimoja kwa kingine na kupata niutoni 1.54. Kwa wenzo uliotajwa, jiwe lingepaswa kusimama milimita 39 kutoka kwenye sifuri.

Halitasimama hapo. Kwa kanuni ya Torricelli, iliyochapishwa mwaka 1644, maji hutoka kwa kasi ya mita 6.26 kwa sekunde. Kilogramu 0.492 hupita kila sekunde. Yanapofika kwenye bamba bapa, maji hutawanyika pembeni na kupoteza mwendo wote wa kwenda juu. Momenta inayopotea kila sekunde katika mwelekeo huo ni 0.492 mara 6.26, yaani niutoni 3.08. Jiwe litasimama karibu na milimita 79. Na iwapo bamba liko milimita 35 juu ya nozeli, kasi inayopotea katika kupanda itapunguza umbali huo kwa chini ya milimita 1. Tofauti kati ya milimita 39 na 79 huonekana kwa macho kutoka upande wa pili wa chumba.

Kosa hili lina historia inayolipa heshima. Edme Mariotte, ambaye kitabu chake kuhusu mwendo wa maji kilichapishwa mwaka 1686 baada ya kifo chake, alipima pigo la jeti kwa mizani. Kanuni iliyoenea katika enzi hizo ilisema kwamba kani ya jeti ni uzito wa nguzo ya maji yenye upana wa jeti na kimo cha tangi. Hiyo ndiyo niutoni 1.54 katika mfano uliotangulia. Daniel Bernoulli, katika sura ya 13 ya Hydrodynamica ya mwaka 1738, alionyesha kwamba nguzo inayostahili ina kimo maradufu.

Kilichochelewesha ufumbuzi si uzembe wa wapimaji. Maji yanayotoka kwenye tundu lenye ukingo mkali hujikusanya na kuwa membamba kuliko tundu lenyewe. Newton, katika toleo la pili la Principia la mwaka 1713, aliupima wembamba huo na kupata uwiano wa vipenyo wa 21 kwa 25, ambao kwa maeneo ni takriban 0.71. Vipimo vya baadaye huweka eneo la jeti karibu na 0.62 ya eneo la tundu. Mpimaji anayetumia eneo la tundu badala ya eneo la jeti hupata kani yenye thamani ya takriban mara 1.24 ya uzito wa nguzo, si mara 2. Kiasi hicho kimekaa kati ya kanuni mbili, na kiko karibu zaidi na ile isiyo sahihi. Mizani haikudanganya, eneo ndilo lililochaguliwa vibaya.

Sababu ya kimo kuwa maradufu nayo inastahili kuelezwa kwa Kiswahili kilicho wazi. Tundu likiwa limezibwa, kizibo hubeba niutoni 1.54. Kizibo kikiondolewa, maji yaliyo karibu na tundu huanza kwenda kwa kasi, na kanieneo yake hushuka. Ukuta unaozunguka mkondo huo, ambao awali ulisukumwa na maji yaliyotulia, sasa husukumwa pungufu. Kwa hiyo kani inayoyaendesha maji haitokani na tundu pekee. Inatokana pia na upungufu kwenye ukuta. Anayeangalia eneo la tundu tu ameiacha nusu ya habari nje.

5.0 Kikombe Badala ya Bamba

Ushahidi mzito zaidi dhidi ya usomaji wa kanieneo kuwa aina ya kani hupatikana bamba linapobadilishwa. Bamba bapa likiondolewa na kuwekwa kikombe cha nusutufe, kilichogeuziwa mdomo kwenye nozeli, maji huingia katikati, hufuata ukuta wa kikombe, na kutoka yakielekea yalikotoka. Tangi halijabadilika, nozeli ni ileile, na kanieneo ndani ya tangi ni ileile paskali 19,620. Lakini maji hayapotezi mwendo wa kwenda juu tu. Yanapewa mwendo wa kurudi chini. Katika hali bora, kani hufikia niutoni 6.16, na jiwe huelekea milimita 157. Kwa kuwa maji husuguana na ukuta wa kikombe na hayageuki kwa ukamilifu, kipimo halisi huwa pungufu ya hapo.

Jeti moja, basi, hutoa kani mbili. Kama kanieneo ingekuwa aina ya kani, jambo hilo lisingewezekana bila kanieneo ya tangi nayo kubadilika. Kinachoamua ni mwelekeo ambao maji yanageuziwa, na mwelekeo ni sifa ambayo kani inayo na kanieneo haina. Neno lililotakiwa kutenganisha dhana hizi limeziweka chini ya kichwa kimoja.

Suala hili lina uzito nje ya maabara. Kituo cha kufua umeme cha Kihansi nchini Tanzania, chenye uwezo wa megawati 180, hutumia turbini za Pelton, ambazo huzungushwa na jeti za maji yanayopiga vikombe vilivyopangwa kwenye ukingo wa gurudumu. Maporomoko yanayotumika yana kimo cha zaidi ya mita 800. Kwa mita 800 pekee, kanuni ya Torricelli hutoa kasi ya takriban mita 125 kwa sekunde. Umbo la vikombe hivyo lina sababu: hugeuza maji karibu kuyarudisha yalikotoka. Maelezo ya Kiswahili yanayosema tu kwamba gurudumu huzungushwa na “kanieneo kubwa ya maji” hayawezi kumweleza msomaji kwa nini vikombe vina umbo hilo, wala kwa nini bamba bapa lisingetosha.

6.0 Pingamizi: Eneo Lipi?

Mtetezi wa istilahi anaweza kujibu kwamba uhusiano wa kani, kanieneo na eneo haujavunjwa na jaribio hili. Pingamizi hilo ni la haki na linapaswa kupewa nafasi. Kani yote ambayo bamba hupokea kutoka kwa maji hupokewa kupitia kanieneo iliyo juu ya uso wake. Katikati ya bamba, pale mkondo unaposimama kabisa, kanieneo huwa paskali 19,620, sawa na ya tangi na si zaidi. Kutoka hapo hupungua kuelekea pembeni. Mtu akijumlisha kanieneo hiyo yote sehemu kwa sehemu juu ya bamba zima, atapata niutoni 3.08.

Hivyo istilahi haikusema uongo. Ilichofanya ni kutaja eneo bila kusema ni eneo lipi. Maji yanayopiga bamba hutanda, na kanieneo hubana uso mpana kuliko unene wa jeti. Ndiyo maana bamba likiwa dogo mno, kiasi kwamba maji hupita kandoni kabla ya kugeuka kikamilifu, kani inayosomwa hupungua. Eneo la hesabu ni eneo la uso unaobanwa, si eneo la kitu kinachobana. Tofauti hiyo haimo katika neno, na haiwezi kuwekwa ndani yake bila kulifanya kuwa sentensi. Mahali pake ni katika fasili.

7.0 Tathmini ya Istilahi Shindani

Kiswahili kina maneno mengine yanayoshindana na kanieneo. Shinikizo limekita katika taaluma ya tiba, hasa katika shinikizo la damu, na hutumika pia katika siasa. Mgandamizo husikika katika taarifa za hali ya hewa. Nyumbani na mtaani, bomba likidondosha matone, watu husema maji hayana presha.

Maneno hayo matatu hayamwahidi msomaji hesabu yoyote, na kwa sababu hiyo hayampotezi kwa namna iliyoelezwa hapo juu. Lakini kila moja lina upungufu. Shinikizo na mgandamizo yametokana na vitenzi vya kubana, navyo hubeba wazo la mwelekeo ambalo maji yaliyotulia hayana. Presha limefikia usambazi mpana, lakini fundi bomba hulitumia kwa kanieneo na kwa wingi wa maji yanayotoka bila kutenganisha. Kwa kigezo cha usahihi, hakuna hata moja linaloishinda kanieneo. Kwa kigezo cha mfumo, kanieneo inabaki na faida ya kuhusiana waziwazi na kani, istilahi ambayo imefanya kazi kubwa ya kuitenga dhana hiyo na neno nguvu, linalobeba pia nguvu za umeme, nguvu za mwili na nguvu za dola.

Istilahi inayohitaji kazi zaidi ni momenta. Hilo ni neno la kukopa, halina uwazi wowote kwa msomaji wa Kiswahili, na kwa sababu hiyo huachwa kando pale ambapo kanieneo inaonekana kutosha. Jaribio la jeti linaonyesha kwamba haitoshi. Yawezekana kuundwa neno ambatani kwa tungamo na mwendo, lakini hatari ileile ingejirudia: umbo lisingeonyesha kwamba hapo uhusiano ni wa kuzidisha, ilhali katika kanieneo ni wa kugawanya. Maneno mawili yenye sura moja yangeficha matendo mawili yanayopingana. Afadhali momenta ibaki ilivyo na itumike katika kirai kamili: mtiririko wa momenta, yaani momenta inayopita kila sekunde. Kirai hicho ni kirefu, na kigezo cha iktisadi kinakidai kifupishwe. Lakini urefu wake ndio unaobeba habari ambayo mizani inaidai.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba istilahi kanieneo ina uwazi wa sehemu, si wa uhusiano. Sehemu zake zinaeleweka, lakini kiungo kati yake hakionekani, na kichwa cha neno kinaiweka dhana katika jamii isiyo yake. Katika maji yaliyosimama, kasoro hiyo haina madhara, na ndiyo maana haijashtua. Katika maji yanayokwenda, inagharimu nusu ya kani.

Mapendekezo yanayofuata ni matatu. Kwanza, kamusi na vitabu vya kiada vifasili kanieneo kuwa “kani kwa kila kipimo cha uso unaobanwa”, na viseme wazi kwamba yenyewe si kani wala haina mwelekeo. Pili, kanuni ya kuzidisha kanieneo kwa eneo itolewe pamoja na mpaka wake, yaani kwamba eneo ni la uso wote unaobanwa na kanieneo hujumlishwa sehemu kwa sehemu. Tatu, tathmini ya istilahi za sayansi isiishie kwenye usomaji wa umbo la neno. Istilahi ya kupimia ipelekwe penye kipimo, ikokotolewe kama msomaji asiye na mwalimu angeikokotoa, na jibu lilinganishwe na chombo. Istilahi nyingi za Kiswahili zitafaulu mtihani huo. Zitakazoshindwa zitakuwa zimeonyesha mahali ambapo fasili yake inahitaji kutengenezwa.